Nilitia Mnyaa Kwenye Mafuta ya Kumchulia Mume Wangu

Nilimpofusha mama mkwe wangu. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma kabla ya kunisikiliza. Sikukusudia, lakini mkono ulikuwa wangu, na mdomo ulionyamaza ulikuwa wangu pia.

Ukiniuliza yalianzia wapi, nitakujibu na pengine utacheka. Yalianzia kwenye mapaja ya mume wangu. Yalikuwa yanauma baada ya mazoezi, basi! Mtu mzima karushwa kichura Jumamosi, Jumatatu hajiwezi, Alhamisi kasahau. Ni jambo la kupita, na mimi nikalifanya la maisha.

Nimejifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mnivumilie. Jina langu sitalitaja.

Tulikuwa tunakaa Tabora mjini, mtaa wa zamani, nyumba ya udongo yenye bati na ua wa minyaa kwa nyuma. Mnyaa hauna majani, ni vijiti vya kijani tu, na ukivunja kijiti kinatoka utomvu mweupe kama maziwa. Mtoto wa kwetu kabla hajajua kuhesabu kumi ameshaambiwa asiuguse utomvu ule akajipangusa macho. Nami niliambiwa. Nakumbuka mpaka kofi alilonipiga mama yangu mzazi aliponikuta nauchezea. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mume wangu alikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo ya reli, mtu wa kalamu na kiti. Kitambi kilikuwa kimeshaanza kuchungulia, na baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yake. Hata duka la pale pembeni aliliendea kwa baiskeli. Nilimpenda hivyo hivyo.

Mama yake tulikuwa naye nyumbani. Nataka niseme haki juu ya mama huyu, maana kwenye habari kama hizi mama mkwe ndiye huwa shetani. Wangu hakuwa. Hakunihesabia vipande vya nyama chunguni, hakuniuliza mbona baada ya Zena mtoto wa pili anachelewa. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando tangu utotoni, halikuona ila mwanga. La kulia ndilo lililofanya kazi zote, na kwa jicho hilo moja alitunga uzi kwenye sindano haraka kuliko mimi.

Mtaani alijulikana kwa mikono yake. Alikuwa anachua. Aliyeteguka, mzazi aliyetoka kujifungua, mchukuzi wa stesheni aliyeshikwa na kiuno, wote walikuja uani kwetu. Ujuzi ule aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mpagazi zama za misafara, kabla reli haijafika. Mzee yule alibeba pembe mabegani kutoka huku mpaka Bagamoyo, akaenda na kurudi mara nne. Mama alikuwa akisema wapagazi walijua habari za miguu kuliko daktari, kwa sababu miguu ndiyo iliyowarudisha kwao.

Basi ikaja miaka ile ya mgambo, mwanzoni mwa sabini. Ikatangazwa kwamba ulinzi wa nchi ni wa kila mtu, makarani, walimu, wenye maduka, wote uwanjani. Jina la mume wangu likabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Ilikuwa imebaki wiki moja.

Mama aliposikia, alimwambia baiskeli aiache nyumbani wiki hiyo. Aende kazini kwa miguu, na jioni akimbie kidogo, mbio za kitoto tu, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Akamsimulia kwamba misafara ya kina baba yake siku ya kwanza haikufika mbali. Walijitwisha mizigo, wakatembea kidogo, wakapiga kambi pale ambapo bado unasikia watu wa nyumbani wanatwanga. Mgeni akiona atadhani ni uvivu, kumbe walikuwa wanaipa miguu nafasi ya kujua kwamba kuna safari.

Mume wangu akacheka. Akasema, mama, huu si msafara wa Mwarabu, hii ni nchi huru. Nami nikacheka naye, ili aone kwamba niko upande wake.

Jumamosi wakakimbizwa mchakamchaka kutoka mjini kuelekea Ntalikwa na kurudi, huku wanaimba. Walipofika uwanjani mkufunzi akaona wengine wanajikokota, akawarusha kichura kuzunguka uwanja mzima. Kichura unachutama, unashika masikio, unaruka. Mume wangu aliruka na kitambi chake mpaka mwisho, kwa sababu nyuma yake alikuwepo tarishi wa ofisini kwao, na hakutaka tarishi ampite.

Alirudi anatamba. Akala, akajitupa kitandani. Mama akamwambia asilale palepale, ainuke azunguke uani kidogo, anywe na maji ya kutosha. Akajibu kwamba hajisikii hata kuchoka.

Jumapili alishuka kitandani kwa kujiviringisha. Jumatatu, jamani! Kuchutama chooni kulimshinda, nikamsikia mle ndani anamtaja Mungu. Ngazi tatu za ofisini alizipanda ameshika ukuta. Kuswali aliswali amekaa kwenye kigoda, na wenzake msikitini wakamwuliza ana wajukuu wangapi.

Jioni ile mama akashika kazi yake. Alichemsha maji akayaacha yapoe mpaka yakawa ya uvuguvugu, akatia chumvi, akamkanda kwa kitambaa. Kisha akachovya vidole kwenye mafuta ya nyonyo, akamchua taratibu kutoka gotini kwenda juu, kwa kiganja, bila kubonyeza. Huku anafanya alikuwa ananifundisha. Alisema hapa hakuna kilichoteguka wala kukatika, ni nyama imeshtuka kwa kazi ambayo haikuizoea. Siku ya pili inauma, ya tatu inauma zaidi, ya nne inaanza kuondoka yenyewe. Alisema mafuta hayaondoi kitu, mafuta yanamliwaza mtu apate kungoja. Akamwambia pia atembeetembee, asikae kama gunia la pumba.

Niliyasikia maneno yale vizuri, yote. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Macho yangu yalikuwa kwa mume wangu. Amelaza miguu mapajani kwa mama yake, amefumba macho, uso umelegea kwa raha ambayo mimi sikuwahi kumpa. Nitaficha nini sasa? Niliona wivu. Wivu kwa mama mzazi wa mtu! Nilikuwa nimekaa pale na bakuli la mafuta mkononi, na kazi yangu yote ilikuwa kushika bakuli.

Jumanne mama alikwenda msibani. Nikasema leo ni zamu yangu. Nikamkandamiza kwa nguvu zangu zote, nikidhani maumivu yanakamuliwa kama nguo. Akapiga ukelele akauvuta mguu. Akaniambia bila hasira, kwa uchovu tu:

"Hebu niache. Mama atakuja, yeye ndiye anayejua."

Hakunitukana. Lakini neno lile lilinichoma kuliko tusi. Nilikwenda nalo jikoni, nikasonga nalo ugali, nikaamka nalo Jumatano.

Na Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya nne. Hapo ndipo ninapojiona mchafu kabisa. Nilijua maumivu yanaondoka. Nilijua kesho yake yatakuwa yamekwisha, na sifa zote atapata mama. Nikaona niwahi, nimponye kabla hajapona! Unaona akili ya mtu mwenye wivu inavyofanya kazi?

Asubuhi bombani nilikuwa nimeongea na jirani yetu, mama mmoja wa Kimoraviani kutoka Usinge, tulimwita Mama Kulwa. Nilimwuliza kama mganga anavyouliza mganga mwenzake, kwao wanatumia nini mtu akikazwa na misuli. Akanisimulia habari za mjomba wake, mrina asali, ambaye akishikwa na kiuno huweka tone moja la mnyaa kwenye kopo zima la nyonyo. Tone moja, alirudia, tena ni yeye mwenyewe anayejipimia, na akishapaka hamruhusu mtu kumgusa. Akasema yule mzee ngozi yake ni ya nyuki, mimi nisithubutu. Tukacheka, tukatwika ndoo zetu. Kichwani kwangu nilibaki na neno moja tu, kwamba mjomba huyo huinuka siku hiyo hiyo.

Mchana nikatoka nyuma ya nyumba nikavunja mnyaa. Sikuhesabu. Nilikinga utomvu kwenye kibakuli mpaka ukafunika chini, nikamimina nyonyo juu yake, nikatwanga karafuu nikatia ili kuua harufu. Mikono yangu niliinawa kwa majivu na sabuni mara mbili. Mikono yangu niliikumbuka.

Mume wangu akarudi kazini anatembea karibu kama mtu. Akaketi kwenye mkeka uani, akasema, "Leo afadhali. Mama alisema kweli."

Ningemwaga. Kibakuli kilikuwa nyuma ya mlango, ningekimwaga tu chini na hadithi ingekwisha. Badala yake nikamwambia, "Ngoja nikumalizie."

Mama alikuwa chumbani anaswali magharibi. Nikafunga kitambaa mkononi, nikampaka mapaja yote mawili mpaka kwenye mashavu ya miguu. Mwanzo ilipasha joto. Akasema, "Eh, hii inaingia! Mke wangu, hii ndiyo dawa." Nilifurahi, kweli nilifurahi. Sifa niliyoitafuta niliipata, na nilikaa nayo kwa muda wa mtu kumenya kitunguu.

Halafu akaanza kujikuna, halafu akasimama, halafu akapiga kelele akiita mama.

Mama akatoka na kanga yake ya kuswalia kichwani. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti akaanza kumpangusa kwa mikono yake mitupu na kwa pindo la kanga, ananiamuru nilete maji, maji mengi, na sabuni. Nikaleta ndoo mbili. Alikuwa anatokwa na jasho kwa kuhangaika. Na kwa pindo lile lile la kanga, lililolowa mafuta yangu, akajipangusa uso.

Nilimwona. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika ndoo yenye maji, na nilimwona.

Akaniuliza, "Umeweka nini, mwanangu?"

"Karafuu, mama. Na pilipili manga."

Alipeleka vidole puani. Akavishusha. Akasema nilete asali, akampaka mwanawe pale palipoanza kuvimba, akamfunika kwa kitambaa safi. Baadaye kidogo akasema moshi wa jiko umemwingia jichoni, anakwenda kulala mapema.

Moshi! Jiko lenyewe lilikuwa limeshazimika.

Ningesema neno moja. Mama, osha macho, osha sana, ni mnyaa. Mtoto wa miaka mitano angelisema. Nikampelekea chakula, nikamkuta amelala amejifunika uso. Nikamwuliza kama linauma, akasema linawasha. Nikamwambia pole. Pole! Nilihofu kwamba nikitaja maji ataniuliza kwa nini, na mume wangu atasikia kupitia ukutani. Nikajiambia litapita lenyewe, kama alivyosema yeye kuhusu mapaja.

Asubuhi jicho la kulia lilikuwa limevimba mpaka halifunguki, linatoka machozi yaliyochanganyika na usaha. Mume wangu alikuwa hawezi kusimama kwa malengelenge, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Tulikwenda tumeshikana mikono mpaka hospitali, hakulalamika njia nzima, aliniuliza tu kama Zena amekunywa uji.

Mganga aliuliza ni kitu gani kimeingia jichoni. Alisema anataka kujua hasa, maana dawa inategemea. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mama akanitangulia.

"Nilikuwa navunja kuni uani, mwanangu, nikavunja na mnyaa. Ni uzee."

Mganga akasikitika. Akasema ilitakiwa kuoshwa saa ile ile, kwa maji mengi, bila kusubiri hata dakika, na kwamba sasa atajitahidi tu. Alijitahidi kweli. Alimwosha, alimpa mafuta ya jicho, tukarudi kila siku mbili. Lakini kidonda kilikuwa kimeshashika kwenye mboni, na kilipopona kiliacha kovu jeupe. Kwa jicho la kushoto alibaki anajua tu kama mlango uko wazi au umefungwa.

Nilikuwa nimemshika mkono wakati anasema uongo ule kwa ajili yangu. Nami nikanyamaza, nikauitikia kwa kichwa.

Mume wangu alipona. Ngozi ilibabuka, ikaota nyingine yenye mabaka, akayageuza mzaha. Mpaka leo akikaa na wenzake husimulia jinsi mke wake alivyomuunga kwa karafuu kama pilau. Mgambo alikosa Jumamosi tatu, kisha akarudi, safari hii akifuata maneno ya mama yake. Alikwenda kazini kwa miguu, alianza na mbio za kitoto, alipofika nyumbani hakujitupa kitandani. Mwishoni mwa mafunzo alikimbia kwenda Ntalikwa na kurudi, na kesho yake akaswali amesimama. Alipomweleza mama, mama alifurahi, akageukia upande ambao sauti inatoka.

Sasa nisikilize gharama yake, maana jicho halikuwa peke yake.

Mtaa ulisema bibi kachanganyikiwa. Mtu aliyezaliwa kwenye minyaa, mwenye kujua miti yote ya dawa, anajitia mnyaa jichoni kwa kuvunja kuni? Akili imekwenda. Wakaacha kumletea watoto. Aliyeteguka akapelekwa kwingine. Mikono ilikuwa ile ile, na kuchua hakuhitaji macho, lakini nani atampa mgongo wake mwanamke asiyejua anachoshika? Alikuwa anakaa mlangoni, vidole vinasugua goti lake mwenyewe, anasubiri. Hakuja mtu.

Na mume wangu alikuwa akimfokea. Hakumfokea kwa ubaya, ni uchungu. Alimwambia, mama, mnyaa, hata Zena anaujua! Mama akajibu kila mara kwamba ni kweli, ni ujinga wake. Mimi nikiwa hapo hapo napuliza moto.

Mama Kulwa nadhani alijua. Aliniangalia siku moja bombani, akatazama chini. Operesheni ya vijiji ilipoanza akarudi Usinge kwa ndugu zake, na siku alipopanda lori aliwaaga majirani wote kwa mkono. Mimi alinipungia tu.

Miaka tisa nilimwongoza mama. Chooni, bafuni, nikimwagia maji ya kutawadha, nikimtolea miiba ya samaki. Nilifanya vizuri, hilo siwezi kujinyima. Nilifanya vizuri mpaka watu wakanisifu, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Balozi wa nyumba kumi alinisimamisha kwenye mkutano, akasema huyu ndiye mkwe, wasichana wajifunze kwake, ndugu zangu tumpigie makofi. Wakapiga. Nikasimama nikapigiwa makofi, kwa sababu ningefanya nini? Ningekaa chini?

Mwaka wa tano nikashindwa. Nilikuwa namsuka nywele, tuko wawili tu. Nikaacha kusuka, nikamzunguka nikapiga magoti mbele yake. Nikasema, "Mama, ule mnyaa..."

Akanishika kifundo cha mkono. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu.

"Nilijua tangu jioni ile. Karafuu haiwezi kuficha mnyaa. Lakini ukisema, mwanangu atakuacha. Ukienda, nani atanishika mkono kwenda chooni? Yeye?"

Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Nyamaza hivyo hivyo ulivyoanza. Nimalizie nywele."

Nikamalizia nywele. Nilikwenda kutafuta msamaha, nikarudi na kazi. Hakunisamehe na hakunikatalia, na mimi sikuthubutu kuuliza tena. Miaka minne iliyofuata tuliishi hivyo, tunaongea habari za chumvi na mvua na masomo ya Zena. Kuna siku alicheka na mimi. Kuna siku alininyamazia kutwa, na sikujua kama ni uzee au ni mimi.

Alifariki kwa homa, siku tatu tu. Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, mimi niko ndani na wanawake, nikamsikia mume wangu mlangoni. Kama ilivyo desturi, alisimama mbele ya watu akasema ikiwa marehemu amemkosea mtu yeyote, basi yeye mwanawe anamwombea msamaha. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Wakamsamehe yeye! Nilitaka mtu aulize upande wa pili, nani amemkosea marehemu. Hakuna desturi ya kuuliza hivyo. Wakamwinua wakaenda.

Tangu siku hiyo sina pa kulipeleka. Mwenye haki ya kunisamehe hayupo. Nimefunga, nimetoa sadaka, nimemsomea dua. Usiku wa kuamkia Ijumaa ninaota nimeshika ndoo ya maji na siwezi kuimimina. Sijui nifanye nini. Nimeandika kwa sababu sijui.

Dada zangu, kaka zangu, mwili ukiuma baada ya mazoezi, muwe na subira nao. Anzeni kidogo kabla ya kuanza kikubwa. Mkichoka tembeeni, kandeni kwa maji ya uvuguvugu, chueni kwa upole, mngoje siku ya nne. Msipake kinachounguza kwa kudhani kinachounguza ndicho kinachoponya. Ukiona mkojo umegeuka rangi kama chai ya rangi, au mguu mmoja tu umevimba, au maumivu hayataki kupungua, nenda hospitali, usije kwa mtu kama mimi. Na utomvu ukiingia jichoni, maji, maji, maji, na useme ni utomvu gani, hata kama nyumba yako itavunjika kwa kusema.

Wake wenzangu, msishindane na mama kwa ajili ya mtoto wake. Hakuna anayeshinda.

Nimebakiza neno moja, na hili si la kila mtu. Mume wangu hupenda ukurasa huu wa gazeti. Kila Jumapili baada ya chai huvaa miwani yake akanisomea kwa sauti makosa ya watu, na mimi huchambua mchele huku namsikiliza. Huwa anatikisa kichwa akisema, huyu angekuwa wangu, ningemfukuza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo atakuwa ameshafika hapa. Pengine sauti imeshaanza kumkauka.

Baba Zena, usisome tena kwa sauti. Mama yako hakuvunja mnyaa wowote, na akili yake ilikuwa timamu mpaka siku ya mwisho. Nimekaa hapa hapa pembeni yako.